Leseni ya OEM: kwa nini Windows iliyokuja na kompyuta haihami

Msimu wa korosho ukikaribia, fundi wa kompyuta Mtwara mjini hamkosi mteja wa namna hii: karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kutoka Tandahimba au Newala, laptopu yake imekufa, kwapani ana nyingine ya mtumba, na ombi lake ni fupi. "Fundi, nihamishie Windows yangu humu." Ile ya kwanza aliinunua mpya dukani, Windows halali ikiwa ndani, kwa hiyo haoni sababu ya kulipia kitu kilekile mara mbili.

Kwa laptopu zinazouzwa zikiwa na Windows tayari, karibu zote hubeba leseni ya aina ya OEM. Herufi hizo zinamhusu mtengenezaji wa mashine. Dell, HP, Lenovo na wenzao hununua leseni kwa Microsoft na kuiweka Windows wao wenyewe kabla kompyuta haijafika dukani. Sharti lake ni moja zito: leseni hiyo inafungwa na mashine, haifungwi na aliyeinunua. Kompyuta unaweza kuiuza au kuigawa pamoja na Windows yake, hilo halina tatizo, ila huruhusiwi kuitoa leseni humo na kuipeleka kwingine. Ni kama mkorosho na shamba: ukiuza shamba, mkorosho unabaki na mnunuzi, huung'oi ukaondoka nao.

Mashine yenyewe basi ni ipi, kama kila kipande kinaweza kubadilishwa? Microsoft huangalia ubao mama, ule mafundi wanaouita mazabodi. Badilisha diski, RAM, kioo, kibodi, leseni haitikisiki. Badilisha ubao mama, na umeshapata kompyuta mpya kwa hesabu zao, isipokuwa ule wa awali ulikuwa na hitilafu na umebadilishiwa na mtengenezaji. Kwa sisi tunaoishi na hewa ya chumvi, kuanzia Mikindani hadi Lindi, sharti hili linauma, maana kutu haichagui kipande cha bei rahisi.

Enzi za Windows 7 namba ya leseni ilikaa kwenye stika chini ya laptopu, na baada ya miaka ya kuwekwa mapajani herufi zilikuwa hazisomeki tena. Tangu Windows 8 itoke mwaka 2012, kiwanda huiandika namba hiyo ndani ya chipu ya BIOS, ile inayobeba programu ndogo ya kuiwasha kompyuta. Ukipiga Windows upya, programu ya kusakinisha huisoma yenyewe, na ikipata intaneti leseni inathibitishwa bila wewe kuandika chochote. Ndiyo maana wakati mwingine huulizwi kama unataka toleo la Home au la Pro. Imeshaona Home kwenye chipu, imechukua hiyo.

Hapo ndipo unapozaliwa uvumi kwamba leseni "inahamishika, mbona yangu ilihama". Fundi anachomoa diski kwenye Dell iliyokufa, anaichomeka kwenye HP ya mtumba, Windows inawaka na mafaili yote, na kwenye mipangilio imeandikwa kwamba leseni iko sawa. Mteja anaondoka akijua amehamishiwa. Kilichohama ni diski tu. Leseni iliyosoma ni ya HP, iliyokuwa kwenye chipu yake tangu kiwandani. Kama HP hiyo isingekuwa na leseni yake, au ingekuwa na ya Home wakati diski ina Pro, baada ya muda maandishi hafifu ya kudai uthibitisho yangetokea pembeni mwa skrini.

Kwa maoni yangu jambo hili ndilo linalokula pesa za watu. Wengi wanalipia Windows ya kuvunja kufuli, yenye hatari ya kubeba virusi, kwenye mashine ambayo ina leseni yake halali imelala ndani. Kabla ya kumlipa mtu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /dli, kisha Enter. Subiri kidirisha. Ukiona OEM_DM, namba iko kwenye chipu na Windows inaitumia. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT kwenye laptopu ya mtumba, kuwa macho: hiyo ni leseni ya kundi, ya ofisi iliyoitupa mashine au ya mjanja aliyeigiza seva ya ofisi, yaani kompyuta kuu inayozithibitishia leseni mashine nyingine. Uthibitisho wake hudumu siku 180. Mashine isipoonana na seva yake ndani ya muda huo, kila kitu kitakuwa kizuri mpaka siku utakapokuta haitambuliki.

Inayohama ni RETAIL, ile inayonunuliwa peke yake. Inakaa kwenye kompyuta moja kwa wakati mmoja, na kama ya zamani bado inawaka, iondoe huko kwanza kwa slmgr /upk. Ila mashine iliyopandishwa bure kutoka Windows 7 hadi 10 nayo huweza kusomeka RETAIL, na leseni yake bado imefungwa palepale.

Utasikia pia kwamba Ujerumani leseni za OEM zinauzwa bila kompyuta. Ni kweli, mahakama yao ya juu ya shirikisho iliamua mwaka 2000 kwamba Microsoft haiwezi kuwazuia wauzaji kufanya hivyo. Hukumu hiyo haivuki bahari, na namba ya bei ya kutupa inayouzwa WhatsApp haipati uhalali kwa sababu yake.

Karani wetu basi ahamishe mafaili yake ya mizani na malipo, aiache HP itumie leseni yake. Dell iliyokufa akiiuza kwa vipuri, diski abaki nayo au aifute kabisa kwanza, na asimdai mnunuzi hela ya Windows.