Sarkoma ya paja isiandikwe C49.9

Ninapokagua mafaili ya wagonjwa wa saratani hapa Kampala, msimbo unaonisumbua kuliko yote ni C49.9: saratani ya tishu laini kama misuli na mafuta (yaani sarkoma), mahali hapakutajwa. Mara nyingi mahali pametajwa! Ukifungua maelezo ya upasuaji utakuta "uvimbe, paja la kulia". Kwa ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, hiyo ni C49.2, mguu pamoja na nyonga. Mkono na bega ni C49.1, kichwa, uso na shingo ni C49.0. Anayepanga huduma akiletewa C49.9 tupu hawezi kujua ni wangapi watahitaji upasuaji wa miguu.

Tumbo ndilo linalohitaji utulivu. Sarkoma ya ukuta wa tumbo ni C49.4, lakini iliyoota nyuma ya peritoneo (utando wa ndani ya tumbo), mahali ambapo liposarkoma, yaani sarkoma ya mafuta, hupenda kujificha, ni C48.0. Iliyoanzia ndani ya kiungo hufuata kiungo chake: ya titi huenda C50, ya tumbo la chakula C16. Ikishasambaa mapafuni, unaongeza C78.0. Usiandike C34, maana hiyo ni saratani iliyoanzia kwenye pafu lenyewe.

Kwetu Uganda, hata hivyo, jambo zito zaidi ni sarkoma ya Kaposi, saratani ambayo mara nyingi huonekana kama madoa kwenye ngozi. Ni sarkoma, ndiyo, lakini haiingii C49 kabisa. Ina fungu lake, C46: ya ngozi C46.0, ya tishu laini C46.1, ya tezi za limfu C46.3. Ikiwa imetokana na VVU, msimbo ni B21.0, na C46 inaweza kuongezwa kuonyesha mahali. Tafadhali soma majibu ya kipimo cha VVU kabla ya kuandika B21.0. Kaposi ilikuwepo nchini kabla ya UKIMWI, na rejista ya saratani ya Kampala, iliyoanza 1954, ilikuwa ikiihesabu miaka mingi kabla ya virusi hivyo kujulikana. Tukichanganya misimbo leo, tunaharibu ulinganisho wa Kaposi ya kabla na baada ya UKIMWI, ambao nchi chache za Afrika zinaweza kuufanya.

Daktari akiwa ameandika "sarkoma" na alama ya kuuliza, mimi huweka faili pembeni na kupiga simu maabara ya patholojia. Lipoma, uvimbe wa mafuta usio saratani, ni D17, liposarkoma ya paja ni C49.2, na kwa kupapasa tu zinaweza kufanana. Biopsi, yaani kipande cha uvimbe kinachopimwa maabara, ndiyo inayozitenganisha.