Jelatini si Gundi, na Endothelia si Moja

Wiki hii nimesoma tena mswada ambao sehemu yake ya mbinu inasema tu kwamba seli za endothelia, yaani zile zinazotanda ukuta wa ndani wa mishipa ya damu, zilikuzwa maabara juu ya jelatini, protini inayopakwa kwenye sahani kabla ya seli kuwekwa. Haukueleza zilitoka kwenye mshipa gani, zilihamishwa mara ngapi kutoka chupa hadi chupa, wala zilikaa siku ngapi kabla ya kupimwa. Nimechoshwa na dhana iliyo nyuma ya ukimya huo, yaani kwamba endothelia zote ni zilezile, na protini zilizo chini yake ni gundi ya kuzishikiza kwenye plastiki.

Tangu mtafiti Jaffe na wenzake walipoeleza mwaka 1973 jinsi ya kuzibandua kwa kolajenesi, kimeng'enya kinachoyeyusha kolajeni, kutoka vena ya kiungamwana, seli hizo zimeenea mno, kwa kuwa viungamwana hupatikana kila siku katika wodi za wazazi. Lakini vena hiyo hupitisha damu yenye oksijeni kutoka kondo la nyuma, kinyume cha vena nyingi za mtu mzima. Seli za vena hiyo haziwezi kutoa ushahidi kwa niaba ya kapilari za ubongo, ambazo seli zake zimebana viungio vyake, wala sinusoidi za ini, vijishipa vyake vidogo vya damu, zenye matundu na zisizo na utando-msingi kamili, yaani tabaka la protini lililo chini ya seli. Hata hizo za ini, zikishawekwa kwenye sahani, matundu yake hupungua ndani ya siku chache.

Suala la gundi ndilo linaloniudhi zaidi. Jelatini uliyoipaka asubuhi siyo sakafu inayokanyagwa na seli siku ya tatu. Seramu ya damu inayotiwa kwenye lishe ya seli huleta fibronektini na vitronektini, protini ambazo seli hujishikiza kwazo, mapema sana, kisha seli zenyewe hutandika fibronektini yao pamoja na protini nyingine za sakafu hiyo, laminini na kolajeni ya aina ya 4, kila kundi kwa kipimo chake. Chukua seli za aorta ya ng'ombe. Zikiwa zimetulia hupangana kama vigae. Baadhi zinapochipua na kujipanga mithili ya vijifereji, huanza kutengeneza kolajeni ya aina ya 1, ambayo wengi huihesabu kuwa alama ya fibroblasti, seli za tishu unganishi. Asiyelijua hilo atazimwaga akidhani ni uchafu, na mwingine atatunza fibroblasti halisi akiamini kwamba endothelia zake zinachipua. Makosa yote mawili hutokea, na umbo pekee chini ya hadubini halitoshi kuyaepuka.

Vitabu hutaja kipengele cha von Willebrand, protini inayosaidia damu kuganda, kama kitambulisho cha endothelia. Ninapozipaka kingamwili zinazong'aa, naona seli moja imejaa vijiti vidogo vya Weibel na Palade, ambamo protini hiyo huhifadhiwa, na jirani yake aliyegusana naye karibu hana kitu. Je, tofauti hiyo ilikuwamo ndani ya mshipa, au nimeizalisha mimi kwa tripsini, kimeng'enya cha kubandulia seli, na kuzihamisha mara kwa mara? Kwa sahani niliyo nayo mkononi, mara nyingi siwezi kuapa.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kupima lolote, huchukua sahani moja ya ziada, nikaondoa seli kwa mmumunyo mwepesi wa amonia, nikapaka rangi kilichobaki. Seli zimekwenda, lakini nyuzi za fibronektini zimesalia kama wavu uliotandazwa. Wavu huo, pamoja na jina la mshipa na idadi ya mihamisho, ndivyo ninavyowaomba waandishi wanionyeshe.