Je, wajua kwa nini muiri huzaa mbegu tele lakini miche yake haifiki kuwa miti?

Muiri mkubwa ukizaa vizuri, ardhi chini yake hujaa matunda madogo ya zambarau, na mvua ikinyesha miche huchomoza hapo kwa wingi. Rudi mwaka unaofuata: karibu yote imetoweka. Wenye vitalu vya miche hapa Nairobi nao wana lalamiko lao, kwamba mbegu za muiri walizonunua hazikuota. Miche hukosa mwanga, kama tutakavyoona, na lalamiko la vitalu lina sababu yake. Mbegu ya muiri haina subira.

Muiri, ambao wanasayansi huuita Prunus africana, ni wa ukoo mmoja na mawaridi na mapichi. Huweza kufikia mita 40, na kwao ni misitu ya nyanda za juu kama Mlima Kenya, Aberdare, Mau na Kakamega. Ukifikicha jani lake utasikia harufu ya lozi chungu. Kilichouponza ni gome lake jeusi lenye mipasuko, linalotengenezewa dawa ya kuvimba kwa tezi dume inayouzwa Ulaya. Mti uliochunwa gome kuzunguka shina lote mara nyingi hufa, na wanaochuna hulenga miti minene, ile ile inayozaa mbegu. Tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Sasa tuje kwenye mbegu yenyewe. Mbegu ya mgunga hukauka ikiwa bado ndani ya ganda, kisha hulala udongoni miaka mingi hadi hali iwe nzuri. Ya muiri huanguka ikiwa mbichi, na ikiachwa kwenye joto la kawaida hupoteza uhai ndani ya wiki chache. Kwa hiyo msitu hauna akiba ya mbegu za muiri ardhini. Miti mizee ikikatwa leo, hakuna mbegu itakayoota miaka mitano baadaye, hata mvua inyeshe namna gani.

Tena muiri hauzai kila mwaka kwa kiwango kimoja. Baada ya mwaka wa neema huweza kupita miaka miwili au mitatu ya uhaba. Na mwaka huo wa neema ukifika, mbegu nyingi huangukia mahali pabaya kuliko pote: chini ya mama yao. Hapo panya huzitafuna, wadudu huzitoboa, na nyama ya tunda ikioza huleta kuvu. Zinazookoka ni zile zilizobebwa. Kima hujaza matunda mashavuni, akaenda kula kwenye mti mwingine na kutema kokwa huko. Hondohondo na shorobo humeza tunda zima na kudondosha kokwa mbali, likiwa limeshavuliwa nyama yake. Msitu uliopoteza wanyama hawa huendelea kutoa matunda, ila hayaendi popote.

Bado kuna suala la mwanga. Mche wa muiri huota vizuri kivulini, lakini hauwezi kuishi humo kwa muda mrefu. Akiba ya chakula iliyo ndani ya kokwa ikiisha, unahitaji jua ili ukue. Ndiyo maana hutegemea pengo linaloachwa na mti ulioanguka. Katika misitu ya jijini kama Karura, pengo hilo aghalabu huwahiwa na lantana, kichaka vamizi cha kigeni. Kwa maoni yangu, kufyeka lantana kuzunguka miche iliyojiotea ni kazi yenye faida kuliko sherehe nyingi za kupanda miti, na inasikitisha kwamba ni wachache wanaoifanya.

Anayetaka kuotesha mwenyewe aharakishe. Tandika turubai chini ya mti uangushie matunda yaliyogeuka zambarau. Ya kijani hayajakomaa, na yaliyokaa chini siku nyingi huwa yameshatobolewa. Yaloweke usiku mmoja, uyasugue juu ya wavu wa waya pamoja na mchanga hadi nyama itoke, kisha osha. Kokwa zinazoelea tupa. Zilizozama zitandaze kivulini siku moja au mbili zikauke maji ya juu tu. Kuzianika juani ndilo kosa linaloua mbegu nyingi zaidi. Kilo moja huwa na kokwa kati ya 3,400 na 6,000 hivi, basi usinunue nyingi ukidhani utaweka akiba. Ikibidi kungoja, zichanganye na maranda ya mbao yenye unyevu kidogo uziweke kwenye friji, nyuzi 4 au 5, wala zisigande.

Panda kwa kina cha sentimita moja hivi, kwenye mchanganyiko wa mchanga wa mto na udongo wa msituni, chini ya wavu wa kivuli. Kuota huchukua mwezi mmoja hadi miwili, wakati mwingine zaidi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakafukua kitalu. Ukimwagilia kupita kiasi, kinyausi, ugonjwa wa kuvu, huozesha mashina kwenye usawa wa udongo. Mche ukiwa na majani mawili halisi, uhamishie kwenye mfuko wa kuoteshea, kisha upunguze kivuli polepole.

Maotea ya msituni, yaani miche iliyojiotea, pia yanafaa, kwa idhini ya Huduma ya Misitu ya Kenya. Yang'oe siku ya mvua yakiwa na majani mawili hadi manne, pamoja na bonge la udongo, uyafunike kivulini wiki mbili au tatu. Yaliyozidi urefu wa kiganja yaache. Mzizi mkuu umeshazama na utakatika. Panda mwanzoni mwa masika au vuli, upande wa Karen, Muthaiga au Limuru wenye udongo mwekundu. Udongo mweusi wa Embakasi hutuamisha maji na kupasuka wakati wa kiangazi, na muiri hauuwezi.