Kuondoa sharti la maegesho si kupiga marufuku maegesho

Kila mjadala wa nyumba za bei nafuu ninaoshiriki hufika pale pale. Tunazungumza kodi ya pango, tunazungumza ghorofa ngapi ziruhusiwe kwenye kiwanja, kisha mtu anasimama: "Mkiondoa sharti la maegesho, watu wataegesha wapi? Semeni wazi kwamba mnataka kutunyang'anya magari." Ukumbi unatikisa vichwa kukubali, na saa nzima iliyobaki inaliwa na jambo ambalo hakuna aliyelipendekeza. Kwa upole nimeshajibu mara nyingi. Leo nitajibu kwa kirefu.

Sharti lenyewe, ambalo pia huitwa kima cha chini cha maegesho, linasema hivi: ukitaka kibali cha kujenga, lazima kila nyumba iwe na nafasi moja ya gari, au moja na nusu, au mbili, kadiri kanuni za mji zilivyoandikwa. Kuliondoa ni kumwambia mjenzi aamue mwenyewe. Hakuna nafasi inayofukiwa, hakuna gari linalokamatwa, na anayeona wateja wake wana magari anajenga maegesho kama kawaida. Kuweka ukomo wa juu, yaani kumkataza mjenzi asizidishe idadi fulani, ni sera nyingine kabisa yenye hoja zake na wapinzani wake. Mexico City mwaka 2017 iligeuza kima cha chini kuwa ukomo wa juu. Buffalo, Marekani, mwaka huohuo iliondoa tu kima cha chini katika mji mzima. Anayezungumza kana kwamba hayo mawili ni jambo moja hajasoma pendekezo lililo mbele yake, na hapo ndipo uvumilivu wangu huisha, kwa sababu pendekezo huwa na kurasa chache tu.

Buffalo inafundisha sana kwa kuwa watafiti walirudi kuhesabu. Katika miradi mikubwa iliyojengwa baada ya mabadiliko, 47% iliweka nafasi chache kuliko ambazo sharti la zamani lingedai. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya miradi iliweka sawasawa na zamani au kuzidi, bila kulazimishwa na mtu. Waliopunguza hasa ni wenye majengo mchanganyiko, yenye maduka chini na makazi juu, ambako gari la mchana na gari la usiku yanaweza kutumia nafasi moja. Hayo ndiyo maangamizi tuliyotishiwa.

London ina somo jingine. Mwaka 2004 iliondoa kima cha chini na papo hapo ikaweka ukomo wa juu. Maegesho katika majengo mapya ya makazi yakapungua kwa takriban 40%. Watafiti walipochambua kipi kilisababisha nini, karibu punguzo lote lilitokana na kuondolewa kwa kima cha chini, na ukomo wa juu ulichangia sehemu ndogo mno. Kwa hiyo kabla ya mabadiliko wajenzi walikuwa wanajenga maegesho ambayo wao wenyewe hawakuona faida yake, na gharama iliingia kwenye bei ya nyumba.

Idadi za nafasi zinazodaiwa na sharti zilitoka wapi? Sharti la kwanza linalojulikana kwa majengo ya nyumba za kupanga liliwekwa Columbus, Ohio, mwaka 1923. Kisha miji ikanakiliana. Pale palipofanyika vipimo, mara nyingi vilifanyika pembezoni mwa miji ya Marekani, kwenye maegesho ya bure, saa ambayo magari ni mengi kuliko saa zote. Ukipima mahitaji ya kitu mahali kinapotolewa bure na katika saa ya kilele chake, utapata idadi kubwa. Ukiifanya idadi hiyo kuwa sheria, utaendelea kukitoa bure. Profesa Donald Shoup, msomi wa mipango miji, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kulieleza hili, na bado naletewa majedwali yaleyale ya idadi za nafasi kana kwamba ni vipimo vya uimara wa zege.

Sasa nifike kwenye kinachonikera kuliko vyote. Watu huamini kwamba maegesho ni pambo la pembeni, na kwamba wingi wa nyumba huamuliwa na idadi ya ghorofa. Wanagombana miezi kadhaa, ghorofa tatu au nne, halafu mstari wa maegesho unapita kwenye kiambatisho bila swali hata moja. Mstari huo ndio unaoamua.

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30. Kanuni zinaruhusu ghorofa nne. Unataka nyumba mbili za mita za mraba 70 kwa kila ghorofa, nane jumla. Pamoja na ngazi na kuta, jengo linahitaji kukalia kama mita za mraba 165. Sharti ni nafasi moja na nusu kwa nyumba, kwa hiyo magari kumi na mawili. Gari moja huegeshwa kwenye mita 2.5 kwa 5, lakini haliangukii hapo kutoka angani. Linahitaji njia ya kugeukia, kama mita sita. Panga magari sita upande huu na sita upande ule, njia katikati: tano jumlisha sita jumlisha tano, mita 16 zimekwenda kati ya 30. Zimebaki 14. Ondoa mita tano za mbele ambazo kanuni inataka ziachwe wazi, una tisa. Kwa upana, ondoa mita tatu za njia ya kuingilia na moja na nusu ya mpaka, una 15.5. Jengo lako sasa lina chini ya mita za mraba 140, na halijapata hata sehemu ya kuanikia nguo wala kivuli cha mti mmoja. Zile nyumba nane haziingii.

Msanifu anafanya nini? Anafuta safu moja ya magari. Inabaki safu moja inayokula kina cha mita 11, na upana wote wa kiwanja unatoa nafasi nane, ukibahatika na unene wa ukuta wa mpaka. Nafasi nane zinaruhusu nyumba tano. Kanuni ya ghorofa iliruhusu nane, kanuni ya maegesho imetoa tano, na bei ya kiwanja ambayo ingegawanywa kwa familia nane inagawanywa kwa tano. Hakuna diwani aliyepiga kura ya kuzifuta nyumba zile tatu.

"Si ashuke chini ya ardhi?" Kushuka mita tatu kwa mteremko wa 15% kunahitaji rampu ya mita 20. Kiwanja kina 30. Ongeza uchimbaji, kuta za kuzuia udongo wa jirani, kuzuia maji, feni za kutoa moshi. Halafu kuna jambo ambalo mtu asiyechora majengo halioni: nguzo. Magari yanataka nguzo ziachane kwa kipimo chake, vyumba vya kulala vinataka kipimo kingine, na nguzo hazihami zikifika juu. Anayeshinda ni gari. Umewahi kuingia nyumba ya ghorofa mpya ukakuta nguzo imesimama mahali ambapo kitanda kingekaa? Mara nyingi imesimama hapo kwa ajili ya gari lililo chini. Ndiyo maana jengo dogo la familia sita au nane, lile ambalo mtu wa kipato cha kati angeweza kulijenga kwa mkopo wa kawaida, huwa la kwanza kutoweka. Kinachobaki ni nyumba ya familia moja, au mnara wa mwekezaji mkubwa anayeweza kubeba gharama ya shimo.

Kuhusu minara nitasema kwa ufupi. Kuongeza wingi wa nyumba si lazima kuwe kupanda angani. Paris ina wakazi takriban 20,000 kwa kilomita ya mraba, na sehemu kubwa yake ni majengo ya ghorofa sita au saba yaliyoshikana kando ya barabara, yenye ua katikati. Houston mwaka 1998 ilipunguza kiwanja cha chini katika eneo lake la ndani kutoka kama mita za mraba 465 hadi kama 130, na nyumba za safu zikajaa bila mnara wowote. Auckland iliruhusu ujenzi zaidi kwenye takriban robo tatu ya ardhi yake ya makazi mwaka 2016, na ndani ya miaka mitano hivi vibali vya nyumba kwa mwaka vikawa karibu maradufu, vingi vikiwa vya nyumba za kushikana. Hoja ya "mnataka kutugeuza Hong Kong" tuiache.

Nani analipa? Wengi husema mjenzi, kwa sababu sharti limeandikwa kwa jina lake. Mjenzi hupeleka gharama mbele. Utafiti wa mwaka 2017 kuhusu wapangaji wa mijini Marekani ulikadiria kwamba nafasi ya gereji inayopangishwa pamoja na nyumba humgharimu mpangaji kama dola 1,700 kwa mwaka, sawa na nyongeza ya 17% ya kodi. Wapo wasio na gari kabisa nao wanailipa, na kwa kawaida hao ndio wenye kipato kidogo. Katika ukumbi ambako kila mtu anasema anawatetea wanyonge, sielewi kwa nini hili halimnyimi mtu usingizi.

Tena, mahitaji ya gari si kitu ambacho mtu huzaliwa nacho. San Francisco hugawa baadhi ya nyumba za bei nafuu kwa bahati nasibu, kwa hiyo familia hazichagui jengo lenye maegesho au lisilo nayo. Mtafiti Adam Millard-Ball na wenzake walifuatilia familia hizo na kuchapisha matokeo mwaka 2021: kwenye majengo yenye angalau nafasi moja kwa kila nyumba, umiliki wa magari ulikuwa zaidi ya maradufu ya ule wa majengo yasiyo na nafasi. Watu walewale kwa mapato, kura tu ndiyo iliyowatenganisha. Tunajenga nafasi, nafasi inaleta gari, kisha tunahesabu gari na kusema mnaona, nafasi zinahitajika.

Yapo yanayonitia shaka, na vitabu vyetu huyapita haraka. La kwanza ni nani anayeibeba akiba inayopatikana kwa kutojenga maegesho. Ukiondoa sharti leo, kiwanja kinaweza kubeba nyumba nyingi zaidi, na mwenye kiwanja analijua hilo kabla ya mpangaji. Anaweza kupandisha bei ya ardhi na kuimeza sehemu ya akiba. Naamini kadiri viwanja vingi vinavyofunguliwa kwa pamoja ndivyo mwenye kiwanja mmoja anavyokosa nguvu, na ndiyo sababu napinga kuondoa sharti kwenye mitaa miwili ya majaribio tu. Lakini muda wa kusubiri unaweza kuwa miaka mingi, na familia inayofukuzwa mwezi ujao haina miaka mingi. Kwa hao, soko pekee halitoshi. Vienna, ambako takriban nusu ya wakazi wanaishi katika nyumba za manispaa au za vyama vyenye ukomo wa faida, haikufika hapo kwa kurekebisha kiambatisho cha maegesho. Ilijenga, kwa fedha za umma, kuanzia miaka ya 1920.

La pili: magari yatamwagika barabarani. Wenzangu wengine hulikana hili, na wanakosea. Jirani mwenye hofu hiyo ana haki ya kujibiwa, na jibu liko kwenye ukingo wa barabara, pale magari yanapoegeshwa. Japani, kwa sheria ya mwaka 1962, kwa kawaida mtu hasajili gari bila kuthibitisha kwamba ana mahali pa kuliweka nje ya barabara, siku hizi ndani ya kilomita mbili kutoka anapoishi. Mzigo uko kwa mwenye gari, na majengo madogo hayabebeshwi. Pasadena, California, iliweka mita za malipo ya maegesho katika mtaa wake wa kale wa biashara mwaka 1993 na kurudisha fedha kwenye njia za miguu na taa za mtaa huohuo, na wafanyabiashara waliokuwa wakipinga wakakubali. Mji usiotaka kutoza wala kusimamia ukingo wa barabara usiondoe sharti kwanza, kwa sababu miezi sita ya fujo inatosha kulirudisha, likirudi na hasira.

Na kuna benki. Hata sharti likiondolewa, mkopeshaji anaweza kukataa kufadhili jengo lisilo na maegesho kwa hofu kwamba halitauzika. Sina dawa ya haraka ya hilo. Jengo la kwanza la aina hiyo likijaa wapangaji, la pili hupata mkopo kwa urahisi zaidi, kwa hiyo manispaa zenye ardhi yake zinaweza kulijenga hilo la kwanza.

Nafasi za watu wenye ulemavu ni habari tofauti kabisa. Zile zibaki kuwa sharti, karibu na mlango, zenye upana wa kufungulia kiti cha magurudumu, hata kwenye jengo lisilo na nafasi nyingine yoyote. Anayependekeza kufuta kima cha chini bila kuandika kifungu hicho kwa maneno yake yenyewe, arudishiwe rasimu.