Gugu karoti: liwahi kabla halijatoa maua

Mvua zikishanyesha, tazama kingo za barabara yoyote inayoingia Arusha mjini. Utaona mmea wa kijani mpauko, majani yamechanikachanika kama ya karoti, juu umejaa maua madogo meupe. Hilo ndilo gugu karoti, kitaalamu Parthenium hysterophorus. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na taarifa za kwanza kwamba limeingia Tanzania zilitoka hapa hapa Arusha mwaka 2010. Nashughulika na mimea vamizi, na katika yote ninayokutana nayo mkoani kwetu, hakuna linalonikosesha raha kama hili.

Chukua kichwa kimoja cha ua, ukitikise kwenye kiganja (ukiwa umevaa glavu). Zitadondoka mbegu tano, nyeusi, kila moja kama milimita mbili. Ni kidogo, utasema. Lakini mmea mmoja uliostawi huzaa mbegu zaidi ya 15,000, na hauhitaji muda mrefu: tangu kuchipua hadi kuchanua ni kama wiki nne hadi sita tu. Mbegu zilizofukiwa ardhini hukaa hai miaka kadhaa zikisubiri unyevu. Kwa hiyo shamba ulilolisafisha mwaka huu bado lina akiba chini.

Ndiyo maana nasema kufyeka peke yake ni kazi bure. Ukilifyeka, linachipua tena kutoka kwenye shina lililobaki, tena linachanua likiwa fupi, chini kabisa, mahali ambapo panga halifiki vizuri. Lazima ling'olewe na mzizi wake, udongo ukiwa bado laini, wakati majani yametandaza chini kama sahani na shina halijasimama. Kipindi hicho ndicho chetu. Likishachanua, kuling'oa na kulikokota shambani ni kulipanda upya. Ikibidi uling'oe likiwa na maua, lifunge kwenye mfuko hapo hapo, lisitupwe kwenye lundo la samadi wala kando ya mfereji.

Wiki tatu baadaye, rudi. Baada ya mvua nyingine, rudi tena. Watu wengi wanakata tamaa hapa, na nawaelewa, kwa sababu inachosha.

Usiling'oe kwa mikono mitupu. Linawasha ngozi vibaya, na chavua yake huleta mafua na kuamsha pumu. Vaa mikono mirefu, funika pua na mdomo, na watoto wasipewe kazi hiyo. Ng'ombe kwa kawaida hulikwepa, ila malisho yakiadimika hula, na maziwa yake huwa machungu.

Jambo moja naomba wafugaji wa ndani, mnaolisha mifugo zizini, mlishike. Yale mafurushi ya majani yanayokatwa barabarani na kuuzwa mjini ndiyo njia rahisi kabisa ya kulileta zizini. Kutoka zizini linaingia kwenye samadi, kutoka kwenye samadi linaingia bustanini. Fungua furushi, likague kabla ya kulipa. Magari ya mchanga na kokoto nayo hulibeba, na matope ya magurudumu ya trekta pia.

Dawa za kuua magugu zinafanya kazi likiwa changa, lakini ardhi ikibaki tupu baada ya dawa, gugu hili ndilo la kwanza kurudi. Mizizi na majani yake hutoa kemikali inayozuia mbegu za jirani kuota, hivyo linahitaji mpinzani mwenye nguvu. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha wamelishindanisha na mimea ya malisho, ikiwemo desmodiamu, na matokeo yanatia moyo. Mimi huwashauri wakulima pia wapande ngwara, zao la jamii ya maharage. Inatandaa haraka, inatia kivuli, na mwisho wa siku unavuna. India walileta mbawakavu kutoka Mexico mwaka 1984, mdudu mdogo anayekula majani ya gugu hili. Husaidia sana wakati wa mvua, ila hawezi peke yake.

Ukiliona mahali ambapo halikuwepo, usisubiri lienee. Piga picha, kisha mjulishe ofisa ugani wa kata yako, au fika ofisi za TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, pale Ngaramtoni. Mimea kumi mnaimaliza asubuhi moja. Ekari kumi zitawashinda kijiji kizima.