Fremu Kuukuu ya Chuma, Vipuri vya Kisasa: Yasemwayo na Yalivyo

“Fremu ya baiskeli ya miaka ya 1970 haipokei gia za kisasa.”

Inapokea, na mara nyingi kinachokwamisha ni milimita chache tu. Zama za gia tano za nyuma, baiskeli za mbio zilikuwa na nafasi ya milimita 120 kati ya masikio mawili yanayoshika ekseli ya nyuma. Zilipokuja gia sita na saba, ikawa 126. Habu, yaani vitovu vya gurudumu, za gia nane hadi kumi na moja zinataka 130. Kutoka 126 ni milimita mbili kila upande, na wengi huvuta tu masikio kwa mikono na kupachika gurudumu. Mimi siipendi njia hiyo: kila panchari inakuwa mieleka, na masikio hayatazamani sawasawa. Afadhali fremu itanuliwe mara moja, kisha masikio yanyooshwe.

“Ukiitanua itapasuka.”

Chuma ukikipinda kidogo hubaki kilipo bila kupungukiwa na nguvu ya maana, ilimradi usikipashe moto wala usikipindepinde kila mwezi. Alumini usiiguse, na kaboni ndiyo kabisa. Hata kwenye chuma kuna cha kuachwa: bomba za kampuni ya Reynolds aina ya 753, nyembamba na zilizoimarishwa kwa joto, hazitaki kazi hii. Reynolds 531, iliyotoka mwaka 1935, haina shida hiyo.

Kinachoharibu kazi kwa kawaida ni upande mmoja kwenda zaidi ya mwenzake. Kipimo chake ni uzi tu. Funga ncha kwenye sikio la kushoto, peleka uzi mbele uzunguke kichwa cha fremu (bomba la mbele linaloshika foku), urudishe hadi sikio la kulia, ukaze. Sasa pima kutoka kwenye uzi hadi bomba la kiti, kushoto na kulia. Ukikuta 30 kushoto na 32 kulia, upande wa kulia umevutwa kupita kiasi. Urudishe kidogo kidogo, ukipima kila mara. Anayeruka hatua hii ataishia kulaumu gia zinazorukaruka, kumbe fremu ndiyo imekaa upande.

“Ekseli ya pedali ni ileile, nunua yoyote.”

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ekseli hii, inayobeba mikono ya pedali, hushikwa na vikombe viwili vinavyofungwa kwa hesi ndani ya tundu la chini la fremu. Fremu za kipimo cha Uingereza zina hesi za inchi 1.37, nyuzi 24 kwa inchi, na kikombe cha upande wa cheni hufunguka kinyume na mazoea. Za Italia ni milimita 36, vikombe vyote viwili vina hesi za kawaida, na tundu lenyewe lina upana wa milimita 70 badala ya 68. Za Ufaransa ya zamani ni milimita 35, hesi za kawaida pande zote mbili. Kwa hiyo fundi aliyezoea za Uingereza akiishika fremu ya Italia, anadhani anafungua kikombe cha kulia kumbe anazidi kukikaza. Pima kwanza, ndipo uongeze mpini wa spana. Vikombe vya vipimo hivyo bado vinatengenezwa, na zipo pia ekseli zinazojikaza ndani ya tundu bila kutegemea hesi.

“Ringi za 700C, kipimo cha kisasa, ni kubwa mno kwa fremu iliyotengenezewa ringi za inchi 27.”

Ni ndogo. Ringi ya inchi 27 ina kipenyo cha milimita 630 pale tairi linapokaa, 700C ina 622. Raba za breki zinahitaji kushuka milimita 4 tu. Nafasi kwenye mikono ya breki ikitosha, zishushe. Isipotosha, tafuta breki zenye mikono mirefu zaidi.

“Bila breki za diski haitasimama.”

Tatizo la baiskeli nyingi za zamani ni ringi za chuma cha kromu, ambazo zikilowa raba huteleza. Weka ringi za alumini na raba nzuri uone tofauti. Kuchomelea kishikio cha diski kwenye foku nyembamba ambayo haikutengenezwa kubeba mzigo huo upande mmoja, hilo mimi singelifanya.

“Vipuri vyote vya gia lazima viwe vya familia moja.”

Kwa vishikio vya kubadili gia vinavyobofya, kama STI ya Shimano (gia na breki kwenye kishikio kimoja) ya mwaka 1990 na vilivyofuata, ni kweli kwa kiasi kikubwa: kila mbofyo huvuta urefu maalumu wa waya, na kibadili gia cha nyuma pamoja na kaseti (rundo la gia za gurudumu la nyuma) lazima vikubaliane nao. Lakini vishikio vya zamani vya kwenye bomba la chini havina mbofyo. Unasukuma hadi cheni itulie, basi. Kishikio cha mwaka 1975 kitaendesha kaseti mpya ya gia nane bila kujali nani kaitengeneza.