Seli za kinga na saratani: dhana potofu na ukweli

"Dokta, niandikie cha kupandisha kinga, iue huu uvimbe." Kliniki haipiti wiki bila kauli hii. Mgonjwa kashanunua unga wa mlonge, majani ya mstafeli na vidonge vya bei ya kuumiza. Wengine wamesimamisha kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, eti wanasubiri kinga ipande. Inaniuma, maana uvimbe wenyewe hausubiri.

Ndani ya uvimbe seli za kinga zimo tayari, mara nyingi tele. Rudolf Virchow, daktari wa Ujerumani, aliziona kwa darubini tangu 1863. Kasoro si uchache wake. Seli T, zenye kazi ya kuua, huzimwa: seli ya saratani hujitokeza na protini ya PD-L1, inaishika PD-1 iliyo juu ya seli T, na seli T inapoa. Makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, nazo hugeuka, zikamwaga kemikali za kuotesha mishipa ya damu inayoulisha uvimbe. Ukiongeza askari waliokwisha kuhamia kwa adui, umejisaidia nini?

Tena zipo saratani ambazo kinga yenyewe imechangia kuzianzisha. Tazama kichocho cha mkojo Kanda ya Ziwa. Mayai ya minyoo wake hunasa kwenye ukuta wa kibofu. Seli za kinga huyazingira, zinashindwa kuyamaliza, zinamwaga kemikali kali mwaka hadi mwaka. DNA ya seli za jirani inaharibika, na seli hizo hizo ndizo zinazogawanyika kuziba majeraha. Saratani ya kibofu huanzia hapo. Mtu huyu hakupungukiwa kinga. Alihitaji prazikwanteli, dawa ya kichocho, mapema.

"Saratani ni ya wenye CD4 za chini." Hapana. CD4 ni seli za kinga ambazo VVU huzipunguza. Ni kweli VVU huongeza hatari ya saratani ya Kaposi na ya saratani ya mlango wa kizazi, lakini wengi ninaowatibu hawana VVU.

"Dawa za kuamsha kinga hazina madhara, ni kinga yako mwenyewe." Zinayo. Zilitokana na kazi iliyowapa James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel ya 2018, nazo huondoa vizuizi kama hicho cha PD-1. Seli T zikifunguliwa zinaweza kushambulia utumbo, mapafu au tezi ya shingo. Na si kila saratani inazisikia.

Kinga hushuka kweli ukiwa kwenye kemo, na hakuna unga wa kuipandisha. Nunua kipimajoto. Kikisoma nyuzi 38, hiyo ni homa: njoo saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Usimeze panadoli ukalala.